Deki ya Ulemo: Nani Aliamua Tutazame Nini?

Mwaka 1973 yalitokea katika Jamhuri yetu mambo mawili ambayo wanahistoria hawajazoea kuyaandika katika ukurasa mmoja. Zanzibar ilianzisha televisheni, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa na picha nyeusi na nyeupe au hazikuwa na picha kabisa. Ng'ambo ya pili, Tanzania Bara, Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: watu wazima wapatao milioni mbili walikaa vijijini katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakafungua kijitabu, kisha wakajadiliana namna ya kuchimba choo na kufukia madimbwi ya mbu. Dola moja, mwaka mmoja, majibu mawili kwa swali lile lile: mwananchi apewe chombo gani, na chombo hicho kimwambie nini?

Bara iliendelea kuikataa televisheni kwa miaka mingine 21. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini Mwalimu Nyerere na serikali yake waliiona kuwa ni anasa ambayo ingewafikia wachache wa mjini kwa jasho la wengi wa shambani. Sina haja ya kuibeza hoja hiyo. Katika nchi iliyokuwa bado inatafuta fedha za zahanati na madawati, ilikuwa na uzito wake. Ninachotaka kuonyesha ni matokeo yake, ambayo hakuna aliyeyapanga. Kwa kuwa dola haikuleta kituo, picha zinazotembea ziliingia majumbani kupitia mlango mwingine, yaani mlango wa mashine ya kuchezeshea. Kanda ilitangulia kituo, na deki ikatangulia antena. Katika vijiji vya mkoa kama Singida hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi hata baada ya vituo kuanzishwa.

Wenzangu wanaoandika historia ya utangazaji nchini hupanga vituo kwa mwaka wa kuzaliwa, wakataja wamiliki, wakataja sheria, wakamaliza. Historia ya namna hiyo inahesabu minara. Haimwoni mtu aliyeketi mbele ya kioo mahali ambapo mnara haukufika. Kwa mtu huyo deki haikuwa kiungo cha televisheni. Deki ndiyo iliyokuwa televisheni, na kile kioo kilikuwa dirisha lake tu.

Nimelazimika kulitafakari jambo hili kwa sababu ya ndugu wa mke wangu walioko Ulemo, wilayani Iramba. Baada ya kuuza alizeti walinunua televisheni mpya, bapa, ya inchi 32, ya kwanza kwao isiyo na kichogo. Shemeji akanipigia simu. "Daktari," aliniambia, "TV tumeshapata, sasa tunatafuta deki. Lakini kila duka tunaloingia wanatucheka. Wanasema deki zimepitwa na wakati, tununue flashi. Wewe msomi unatushauri nini?" Nikamwuliza wana diski ngapi. Akanijibu kwamba hajawahi kuzihesabu, ila zimejaa sanduku la bati, lile la shuleni la marehemu baba yao.

Swali lake linaonekana kuwa la dukani. Mimi naliona ni swali la historia ya nchi, kwa sababu karibu kila kipimo ambacho familia ya Kitanzania hutumia kuchagua mashine hii kimetokana na uamuzi uliofanywa mahali fulani na watu ambao hawakuifahamu Ulemo: wahandisi wa Ulaya na Japani, kampuni za filamu za Marekani, viwanda vya China, wizara zetu za Dar es Salaam na Dodoma.

Turudi nyuma kidogo kuliko ilivyozoeleka. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja L. A. Notcutt. Walitengeneza filamu fupi za kuwafunza Waafrika mambo ambayo watawala waliona wanapaswa kufunzwa: kilimo bora, usafi, kuweka akiba benki ya posta. Lori lililobeba mitambo likazunguka Tanganyika na nchi jirani, shuka jeupe likatundikwa, watu wakakusanyika usiku. Jambo linalonihusu hapa ni la kiufundi. Filamu zenyewe zilikuwa za milimita 16 zisizo na sauti, na maelezo yalirekodiwa kwenye santuri zilizochezeshwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa ya gharama nafuu, na iliruhusu picha moja kuambatana na santuri ya Kiswahili hapa na ya lugha nyingine kule. Kwa hiyo, tangu safari ile ya kwanza, diski ndiyo iliyobeba sauti ya anayetueleza tunachokiona. Picha ilikuwa ya wote, lakini mwenye santuri ndiye aliyeamua maana yake.

Baada ya uhuru lile lori lilibadili bendera tu. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, sinema za Serikali zikaendelea kuzunguka, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka vibali vya kutengeneza na kuonyesha. Dhana ilibaki ile ile: picha hutoka juu na kushuka kwa wananchi, kwa idhini.

Dhana hiyo ilipata ufa katika bajeti ya 1984/85, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, mlango ukafunguliwa zaidi. Pamoja na mitumba, sabuni na vipuri vya baiskeli, zikaja deki za kanda za VHS, mfumo ambao kampuni ya JVC ya Japani iliuzindua mwaka 1976. Fikiria hali hiyo: nchi ina mashine za kuchezeshea video lakini haina kituo cha televisheni. Wakazi wa pwani waliinua antena ndefu kutafuta mawimbi ya Zanzibar, na waliobaki walitegemea kanda. Ndipo likazaliwa banda la video: chumba cha udongo au mabati, mabenchi, jenereta nyuma ya ukuta, ubao wa nje wenye jina la filamu ya Kihindi au ya ngumi lililoandikwa kwa chaki. Mzazi alilichukia, mwalimu mkuu alilisaka kwa fimbo, mgambo alilifunga na kulifungua kwa kadiri ya maelewano. Lakini banda lilikuwa sinema ambayo mtazamaji aliichagua mwenyewe, na akailipia mwenyewe.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha Sheria ya Utangazaji, na mwaka uliofuata vituo binafsi vikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam: ITV, CTN, DTV. Vitabu vyetu vyote vinautaja mwaka huo kwa sababu hiyo. Havitaji kwamba mwaka huo huo wa 1993 kampuni za Philips, Sony, Matsushita na JVC zilikubaliana kuhusu kanuni za diski ya video, VCD, na kwamba katika mji wa Hefei nchini China kampuni moja changa, Wanyan, ilitengeneza mashine ya kuchezeshea diski hizo kabla Wajapani hawajaona umuhimu wake. Wanyan haikufaidi. Washindani wake walizinunua mashine za mwanzo, wakazifungua, wakaziiga, na ndani ya miaka michache viwanda vya China vikawa vinafyatua deki kama matofali. Msanii wetu anayelia kwamba kazi yake imedurufiwa Kariakoo asidhani kwamba ameonewa na mashine isiyo na hatia: mashine yenyewe ilienea duniani kwa kudurufiwa.

Kwa Iramba, tukio la Hefei lilikuwa na uzito kuliko la Dar es Salaam. Mawimbi ya vituo vipya yalikuwa ya mji mkuu kwanza, kisha ya miji mikubwa. Diski haikuhitaji mnara. Ilipanda basi, ikashuka na abiria, ikaazimwa nyumba kwa nyumba. Umeme nao ulikuwa na kejeli yake: njia kuu ya msongo mkubwa inayotoka Iringa kwenda Shinyanga inapita katika mkoa wa Singida, na kwa miongo kadhaa watu walilima mtama na uwele chini ya nyaya zilizobeba umeme wa wengine. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ndio uliokuja kuigeuza hali hiyo kidogo kidogo. Kabla ya hapo mwenye televisheni kijijini alikuwa na betri ya gari na paneli ya sola, na kipimo chake cha kwanza cha deki kilikuwa kimoja tu: inakula umeme kiasi gani, na itamaliza filamu kabla betri haijazimika?

Kipimo cha pili kilihusu mfumo wa picha. Sisi tulirithi PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani wana NTSC, wenye mistari 525 na picha takriban 30. Diski ya NTSC ikichezwa kwenye deki na televisheni zisizoielewa, picha hupoteza rangi au huviringika juu kwenda chini bila kutulia. Ndiyo maana deki zilizoandikwa kwamba zinasoma mifumo yote zilithaminiwa, na ndiyo maana fundi redio wa kijijini, ambaye hakumaliza hata kidato cha nne, alizifahamu herufi PAL na NTSC kuliko wahitimu wengi.

Ilipokuja DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, kikaja kipimo cha tatu, na hiki kilikuwa cha kisiasa waziwazi. Kampuni za filamu za Marekani zilitaka kuamua filamu itazamwe lini na wapi, hivyo dunia ikagawanywa katika maeneo yenye namba. Marekani na Kanada namba 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini namba 2. China namba 6. Sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwamo, tuliwekwa namba 5 pamoja na India na Urusi. Kwa kanuni hiyo, diski ambayo Mtanzania ameinunua kihalali Dubai au Johannesburg isingepaswa kucheza kwenye deki yake halali ya nyumbani. Mipaka ya Berlin ya 1884 walau ilijadiliwa na mabalozi. Hii ilichorwa na makampuni, na hakuna bunge la Afrika lililoijadili. Deki nyingi za bei nafuu kutoka China ziliipuuza mipaka hiyo, zikasoma chochote kilichowekwa. Wateja hawakujua jina la sheria iliyokuwa inavunjwa. Walijua kwamba mashine ya jina kubwa inachagua diski, na ile isiyo na jina haichagui.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maofisa waliozoea kuzitazama bidhaa hizo kwa jicho moja la ubora. Ni kweli zilikuwa dhaifu, lenzi ilichoka mapema, na majina mengine yalikuwa ya Kijapani kasoro herufi moja. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilikuwa na kila sababu ya kuzikamata zilizoghushiwa. Lakini ubora una vipimo viwili. Upo ubora wa picha, na upo ubora wa kukubali. Diski ya Ulemo ilikuwa imepita mikononi mwa nyumba kumi, imekwaruzwa, imefutwa kwa kitenge na kuoshwa kwa sabuni. Mashine iliyoisoma diski hiyo hadi mwisho bila kuganda ilikuwa bora, hata kama kiwandani waliiona takataka. Mashine ya bei mbaya iliyoitema ilikuwa takataka, hata kama ilitoka Japani.

Na ni nini kilichokuwa ndani ya diski hizo? Filamu za Hong Kong na Marekani, za India, na za Nigeria, ambako biashara ya video ilipamba moto baada ya Living in Bondage ya mwaka 1992. Kiingereza chake hakikueleweka na wengi, kama ambavyo Kikantoni hakikueleweka. Ndipo wakaja wasimulizi, watu wanaoweka sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu nzima: wanatafsiri, wanafafanua, wanatania, wanawapa wahusika majina ya hapa kwetu. Maarufu kuliko wote alikuwa Lufufu. Waganda nao wana VJ wao wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Wasomi wa fasihi wanaweza kubishana kama hiyo ni tafsiri au ni utunzi mpya. Mimi nauona mkono wa Vugiri ukipinduliwa. Mwaka 1936 Mzungu alitengeneza picha na akaweka sauti ya kutufunza. Miaka sabini baadaye Mswahili aliichukua picha ya Mzungu na Mchina, akaweka sauti ya kuwacheka. Hakuomba kibali, na hilo ni kosa mbele ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini tusijidanganye: kwa bibi wa Ulemo asiyejua Kiingereza, hakukuwa na njia nyingine ya kuingia katika sinema ya dunia, na hakuna wizara iliyowahi kumfungulia.

Kisha zikafuata filamu zetu wenyewe. Girlfriend ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba hadithi ya vijana wa Dar es Salaam inaweza kuuzwa kama kanda ya kutazamwa nyumbani, na ndani ya miaka michache tasnia iliyopewa jina la Bongo Muvi ikawa inaishi kwa diski. Inasemekana mara nyingi kwamba kugawa filamu sehemu ya kwanza na ya pili kulikuwa tamaa ya wasambazaji tu. Tamaa ilikuwapo. Lakini VCD moja hubeba takriban dakika 74, kwa hiyo filamu ya saa mbili ilikuwa lazima igawanywe diski mbili, na mtazamaji alikwisha kuzoea kukatishwa utamu na kuinuka kubadili diski. Umbo la mashine liliingia katika umbo la hadithi. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, na barabara za Dar es Salaam zikajaa waombolezaji, viongozi wengi walionekana kushangaa ukubwa wa jina lake. Wasingeshangaa kama wangeyafungua masanduku ya bati ya vijijini. Mwaka uliofuata Serikali ilileta stempu za kodi za kubandikwa kwenye bidhaa za filamu na muziki. Diski ilitambuliwa na dola kwa mara ya kwanza kikamilifu, na ilitambuliwa kama chanzo cha mapato.

Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, ikawa mji wa mwanzo katika safari ambayo miji mingine iliifuata kwa awamu, ilhali dunia ilikuwa imejipa hadi Juni 2015. Tulijisifu kwa kuwatangulia majirani. Mwenye televisheni ya kichogo alitakiwa kununua king'amuzi, na mwenye king'amuzi cha kulipia alitakiwa kulipia. Ilipofika Agosti 2018, visimbuzi vya satelaiti vya kulipia vikakatazwa kubeba chaneli za bure za ndani kwa sababu za leseni. Sheria inaweza kuwa ilikuwa upande wa mamlaka. Lakini kwa kaya iliyo mbali na mnara wa dijitali, yenye ungo juu ya bati, maana yake ilikuwa kwamba taarifa ya habari iliyoonekana jana leo haionekani. Jioni hizo watu walifanya nini? Walichomeka zile nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, wakatoa diski sandukuni. Deki ilikuwa chaneli ambayo hakuna waziri aliyeweza kuizima, wala kampuni isingeweza kuikata mwisho wa mwezi.

Sasa tunaambiwa zama hizo zimekwisha, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Kijana ana simu, na muvi ziko kwenye flashi. Muuzaji aliyemcheka shemeji yangu alikuwa sahihi kuhusu muvi. Hakuuliza sandukuni kuna nini kingine.

Nilimwomba shemeji anisomee maandishi ya kalamu juu ya diski, moja baada ya nyingine. Zilikuwamo muvi, naam, tena nyingi zimekwaruzika kiasi cha kutofaa. Lakini zilikuwamo pia: harusi ya dada yao mkubwa ya mwaka 2006, diski mbili, kwaya ya usharika wao ikiimba kwa Kinyiramba, mahafali ya darasa la saba, mazishi ya bibi, na mkutano wa ukoo wa kugawa shamba, ambao mzee mwenyewe aliagiza urekodiwe ili, kwa maneno yake kama shemeji anavyoyakumbuka, "asije mtu akasema sikusema." Mzee huyo sasa ni marehemu. Watoto wake wawili hawakubaliani kuhusu mpaka wa shamba upande wa korongo. Ushahidi uko katika sanduku la bati, kwenye diski ambayo hakuna aliyeichezesha tangu deki ya zamani ilipokufa.

Kwa hiyo nilipojibu lile swali la deki ipi, nilijibu kwa kuzingatia diski hizo na si muvi. Wasinunue Blu-ray, hata wakiipata kwa bei ya kutupa: ni mashine nzuri ya picha mpya, lakini si kila moja inasoma VCD, na diski za arusi za miaka ile ni VCD kwa wingi. Watafute deki ya kawaida ya DVD iliyoandikwa kwamba inasoma VCD na diski za kuchomwa, CD-R na DVD-R, yenye tundu la flashi, inayovumilia umeme wa volti 110 hadi 240 kwa kuwa wa kijijini hupanda na kushuka. Tundu la HDMI lisiwaongezee bei: picha ya VCD ina mistari 288 tu, na hakuna waya utakaoizidishia kile ambacho haikurekodiwa nacho. Lakini waikague kwanza televisheni mpya nyuma, kwa sababu nyingine hazina tena matundu matatu ya rangi, zina tundu moja dogo la duara linalohitaji waya wake maalumu, na nyingine zina HDMI peke yake. Hapo hakuna ujanja, deki iwe na HDMI. Na wasiende dukani mikono mitupu. Wabebe diski yao mbovu kuliko zote, waiweke palepale kaunta, wasubiri robo saa. Muuzaji akikataa, waende duka la pili.

Jambo la pili nililomwambia linawahusu pia wasomaji wangu walioko halmashauri na wizarani. Diski ya kiwandani imepigwa chapa, na ikitunzwa hudumu. Diski ya kuchomwa, ambayo mpiga picha wa arusi aliitengeneza kwa kompyuta yake, huhifadhi picha katika tabaka la rangi ya kikemikali ambalo jua na joto hulififisha. Sanduku la bati chini ya paa la bati, Singida, mwezi wa Oktoba, ni tanuri. Kila mwaka unaopita, diski kadhaa nchini zinageuka vioo vya kujitazamia. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ambayo msingi wake ni kumbukumbu za umma: majalada, mihutasari, hati za ofisi. Mkutano wa ukoo wa Ulemo si kumbukumbu ya umma kwa tafsiri hiyo. Kwaya ya Kinyiramba nayo si kumbukumbu ya umma. Mwanahistoria atakayetaka, mwaka 2060, kujua Wanyiramba wa mwanzo wa karne hii walivyooa, walivyozika na walivyogawana ardhi, atakuta mafaili ya kodi ya stempu na taarifa za kuzima mitambo ya analojia.

Sipendekezi sheria mpya. Tunazo za kutosha zisizotekelezwa. Maktaba ya mkoa au ofisi ya utamaduni ya wilaya ikiwa na kompyuta moja yenye kisomeo cha diski, na kijana mmoja anayejua kuitumia, inaweza kuwahudumia wananchi kwa siku moja ya juma. Kazi yenyewe haina ugumu. VCD ikifunguliwa kwenye kompyuta huonyesha folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili lenye jina kama AVSEQ01.DAT, hilo ndilo arusi yenyewe. Hunakiliwa kama faili lolote, na mara nyingi ukibadili herufi za mwisho kuwa MPG televisheni mpya italicheza kutoka kwenye flashi. DVD huwa na folda ya VIDEO_TS, nayo inakiliwa nzima. Nakala ziwe mbili, zikae nyumba mbili tofauti, na kwa diski ya mgawo wa shamba, nakala ya tatu ikae kwa mtu ambaye hana sehemu katika shamba hilo.

Wameshanunua. Ni deki isiyo na jina la maana, na diski ya mahafali, ambayo ndiyo waliyoibeba kwenda dukani, ilicheza hadi mwisho. Nimewaomba wasianze kwa muvi. Waanze na zile zilizoandikwa kwa kalamu, kwa kufuata mwaka, za zamani kwanza, na kila inayokubali kusomwa wainakili siku hiyo hiyo kabla ya kuitazama mara ya pili. Za kiwandani zinaweza kusubiri.